AHADI NI DENI: KIJANA NA UTUMISHI WA JESHI

(Mazungumzo kwa watumishi wa Serikali na wakaazi)



Kila yanapotoka matokeo ya kidato cha sita, majumbani huulizwa swali moja: kijana aelekee wapi? Wengi huelekea jeshini, na hilo ni jambo la heshima. Hata hivyo, wapo vijana wanaotia saini wasichokielewa, na wapo wazee wanaokabidhi fedha za karafuu kwa walaghai. Ifahamike kwamba milango ni mitatu, na kila mmoja una ahadi yake.

Wa kwanza ni mafunzo ya mujibu wa sheria katika Jeshi la Kujenga Taifa (JKT), lililoanzishwa tarehe 10 Julai 1963. Mafunzo hayo yalisitishwa mwaka 1994, yakarejeshwa mwaka 2013. Mhitimu wa kidato cha sita huitwa kwa jina, hukaa kambini takriban miezi 3, kisha huendelea na masomo.

Wa pili ni kujitolea. Mkataba wa JKT ni wa miaka 2, na kijana hujifunza ulinzi, kilimo na ufundi. Neno lenyewe lizingatiwe: ni kujitolea, si kuajiriwa. JKT hutamka wazi katika matangazo yake kwamba haliwajibiki kumtafutia kijana kazi baada ya mkataba. Hapa Zanzibar, Jeshi la Kujenga Uchumi (JKU), lililoundwa mwaka 1977, liko chini ya Serikali ya Mapinduzi na lina taratibu zake, yasichanganywe.

Wa tatu ni Jeshi la Wananchi wa Tanzania, nayo ndiyo ajira. Aliyekula kiapo huwa chini ya sheria za kijeshi: hupelekwa popote anapohitajika, na kuondoka bila ya ruhusa ni kosa la kijeshi, si utoro wa kawaida wa ofisini.

Kwa hivyo, kabla ya kutia saini, kijana na wazee wake waulize: Ni muda gani? Kuna malipo gani? Masomo yatakuwaje? Na muda ukimalizika, nini kitafuata? Majibu yatafutwe katika ofisi ya Wilaya, si barazani. Nafasi haziuzwi; anayedai fedha aripotiwe.

Miaka 2 ya ujana ikishapita hairudi. Anayeitoa kwa kujua huitumikia nchi kwa moyo mkunjufu. Anayeitoa kwa kudanganywa hurejea na majuto, na majuto ni mjukuu.