Maumivu ni Mlinzi wa Mwili

Leo napenda kuzungumza nanyi habari za kitu kinachochukiwa na kila mtu, nacho ni maumivu.

Kwanza jaribuni jambo hili. Mmoja afumbe macho, na mwenziwe amguse kwa ncha za vijiti viwili pamoja juu ya ncha ya kidole, vikiachana milimita 5 tu. Aliyefumba macho atasema, "Viwili." Kisha amguse vivyo hivyo mgongoni, naye atadhani ni kimoja. Sababu ni kwamba katika ncha za vidole miisho ya mishipa ya fahamu imesongamana, na mgongoni imetengana.

Mishipa hiyo ni kama nyuzi za simu. Jozi 31 hutoka katika uti wa mgongo na jozi 12 katika ubongo, zikatawanyika mwilini kote. Habari za mguso hupita mita 50 kwa sekunde. Maumivu ya kuuma polepole huenda kama mtu atembeaye. Ndiyo maana ukijikwaa, kwanza wajua kwamba umejikwaa, kisha maumivu hufuata. Tena ukishika chungu cha moto, amri ya kuondoa mkono hutoka katika uti wa mgongo, kabla ubongo haujatambua kwamba umeungua.

Basi, itakuwaje mlinzi huyu akilala? Jawabu laonekana katika ukoma. Vijidudu vyake, vilivyogunduliwa na tabibu Hansen wa Norway mwaka 1873, huharibu mishipa ya fahamu iliyo karibu na ngozi, kama ule wa kiwiko, ambao ukigongwa mkono hufa ganzi mpaka kidole cha mwisho. Zamani watu walidhani kwamba ukoma wenyewe hula vidole. Tabibu Paul Brand, aliyeanza kazi mjini Vellore, Bara Hindi, mwaka 1946, alionyesha kuwa sivyo. Vidole huharibika hasa kwa kuungua, kukatwa na kuoza vidonda, kwa kuwa mwenyewe hasikii uchungu; huendelea kulima na kutembea juu ya jeraha lile lile.

Lakini ukoma unapona. Tangu mwaka 1981 Shirika la Afya Duniani limeagiza dawa kadhaa zitumiwe pamoja, na matibabu huchukua miezi 6 au 12. Si laana, wala hauambukizi kwa urahisi. Basi asifichwe mtu wala asifukuzwe. Jambo la hatari ni kukawia, maana mshipa uliokufa mara nyingi haurudi. Ukiona baka jeupe-jeupe au jekundu lisilosikia mguso wa unyoya, usingoje liume, kwa sababu haliumi. Nenda hospitali. Usipoziba ufa utajenga ukuta.

Na yule aliyekwisha kupoteza hisia, macho yake na yawe badala ya ngozi: avae viatu, ashike sufuria kwa kitambaa, na kila jioni atazame nyayo na mikono yake, asije akalala na mwiba asioujua.

Basi, kesho mwiba ukikuchoma, usiulaani uchungu. Umekuja kukuambia, "Simama, utazame mguu wako."