Kovu Linaloweza Kuyeyuka: Tishu ya Pafu na Majibu ya Tiba



Mgonjwa ninayemzungumzia leo amekohoa kwa wiki kadhaa. Ana homa, anakonda, akipanda ngazi anahema. Eksirei inaonyesha mabaka meupe pande zote mbili. Anapewa antibiotiki, kisha nyingine kali zaidi, na hapati nafuu. Baka moja likififia, jingine linaota. Kwetu mgonjwa wa namna hii mara nyingi huishia kwenye dawa za kifua kikuu, ingawa makohozi yake hayana vimelea.

Ugonjwa huu ni oganaizingi nimonia. Davison na wenzake waliueleza Uingereza mwaka 1983, na Epler na wenzake Marekani mwaka 1985. Chini ya hadubini, vifuko vya hewa na vijia vyake vimezibwa na vinundu vya tishu changa, vinavyoitwa vinundu vya Masson. Kwanza utando wa kifuko hujeruhiwa, majimaji ya damu yakavuja na kuganda. Kisha seli zinazotengeneza nyuzi huingia kuliunga jeraha. Ajabu ni kwamba kuta za vifuko hubaki zimesimama, na tishu ile laini, yenye mishipa midogo ya damu, huweza kuyeyuka yote. Katika fibrosisi ya mapafu, seli za aina hiyohiyo hujenga kovu lisilofutika. Sijui swali zito kuliko hili katika fani yetu: kwa nini pafu moja husamehe na jingine halisamehi?

Tiba yake ni steroidi: prednisoloni huanza kwa miligramu 0.75 hadi 1 kwa kila kilo ya uzito kwa siku. Wengi hupata nafuu ndani ya siku au wiki chache. Dozi hupunguzwa polepole kwa miezi 6 hadi 12. Ugonjwa hurudi mara kwa mara dozi inaposhuka, na mgonjwa aambiwe hilo mapema asije akakata tamaa, kwa sababu kwa kawaida huitikia tena.

Lakini iwapo kando ya vinundu kuna kovu kongwe na mpangilio wa pafu umevurugika, matumaini hupungua. Kwa hiyo ripoti ya maabara inayotaja jina la ugonjwa na kunyamazia tishu inayouzunguka humwacha daktari gizani. Nawasihi wanapatholojia waieleze tishu hiyo pia.

Vinundu hivi huota pia kando ya jipu, kando ya saratani, hata kando ya kifua kikuu chenyewe. Kipande kidogo kilichonyofolewa pembeni mwa kidonda kinaweza kutudanganya, na steroidi zikautia nguvu ugonjwa ambao hatukuuona. Tusianze steroidi kabla ya kumtafuta bakteria wa kifua kikuu kwa bidii.

Na yupo mgonjwa anayeongezewa prednisoloni huku akimeza rifampisini, dawa ya kifua kikuu aliyopewa kwa kubahatisha. Rifampisini hulifanya ini liivunje prednisoloni haraka, dozi ikapungua mwilini bila mtu kujua. Kabla ya kuandika kwamba steroidi zimeshindwa, tusome orodha yote ya dawa zake, tukiangalia pia amiodaroni na nitrofurantoini, ambazo zenyewe huweza kuuanzisha ugonjwa huu. Na tumuulize kama amewahi kupigwa mionzi ya saratani ya titi, ambayo nayo huweza kuuanzisha.