Hofu ya Mtoto, Hofu ya Mzazi

Mtoto aogopapo giza twalala naye kila usiku. Aogopapo wageni twamjibia sisi. Twadhani huo ndio upendo. Kumbe twamfundisha kwamba giza lina hatari kweli, naye hana nguvu za kulikabili. Na mara nyingi hofu tunayoituliza ni yetu wenyewe.

Katika Chuo Kikuu cha Yale, Marekani, Eli Lebowitz na wenzake walifuatilia watoto 124 wenye maradhi ya wasiwasi, wa miaka 7 hadi 14. Baadhi walitibiwa wenyewe kwa mazungumzo ya kitabibu. Kwa wengine, walifundishwa wazazi peke yao. Matokeo yaliyochapishwa mwaka 2020 yalionyesha kuwa njia hii ya pili haikuwa duni kuliko ile ya kwanza.

Wazazi hao hawakufundishwa ukali. Walifundishwa kumwonyesha mtoto kwamba wanaijua hofu yake, na kwamba wanaamini aweza kuistahimili. Kisha kupunguza, hatua kwa hatua, yale waliyomfanyia kwa ajili ya hofu hiyo.

Mtoto umleavyo ndivyo akuavyo. Basi tumshike mkono, tusimbebe. Mungu atujalie moyo wa kuyastahimili machozi yake.