Mkojo Usiosubiri

Leo tunalitaja jambo ambalo wengi hulifunika kwa khanga ya pili: mkojo kutoka bila ridhaa yako.

Mama ananyanyua ndoo ya lita 20 bombani, anahisi matone. Akipiga chafya, vilevile. Akicheka, anabana miguu. Misuli ya sakafu ya nyonga imelegea, mara nyingi kwa uzazi au umri. Misuli hiyo hufundishika: ibane kama anayezuia ushuzi (mniwie radhi, ndiyo lugha inayoeleweka), hesabu hadi 5, achia. Mara 10, asubuhi, mchana na jioni. Jipe miezi 3, usikate tamaa wiki ya pili.

Mwingine chafya haimsumbui. Yeye akisikia tu maji yakichuruzika, au akitia ufunguo mlangoni, haja humvamia na chooni hafiki. Kibofu chake hujikaza kabla ya wakati, na chai na kahawa humzidishia. Wapo wenye yote mawili.

Kwa babu, tezi dume ikikua huziba njia ya mkojo. Kibofu hujaa, kikafurika matone matone.

Lakini mama aliyekaa na uchungu wa uzazi siku nzima au mbili, kisha mkojo ukawa unatiririka usiku na mchana, huenda ana fistula. Hilo ni tundu. Mazoezi hayalizibi, upasuaji huliziba. Hospitali ya CCBRT, Dar es Salaam, huitibu bila malipo. Kama unamjua mama wa namna hiyo mtaani kwenu, mpelekee habari hii leo.