Barafu Nene si Ubaridi

(Mazungumzo na wahitimu wa kisomo, Tukuyu)



Leo tuzungumze juu ya friji, au jokofu kama vitabu vinavyosema. Nimechagua jambo hili kwa sababu ya hasara niliyoiona kwa macho yangu.

Katika kijiji kimoja kando ya barabara ya Tukuyu kwenda Kyela, akina mama wa kikundi walichanga fedha wakanunua friji. Waliuza maziwa na mtindi. Baada ya miezi michache barafu ilijaa sehemu ya juu, nene kama vidole vitatu. Maziwa yakaanza kuchacha. Mama mmoja akauliza, "Barafu yote hii, mbona halipozi?" Mwenzake akachukua kisu, akaanza kuibomoa. Mara wakasikia, "Shiii!" Kisu kilikuwa kimetoboa bomba la gesi. Friji likafa siku ile ile. Fedha za kikundi nazo zikaenda.

Akina mama wale hawakuwa wavivu. Walikosa maarifa tu.

Barafu inatoka wapi? Inatoka katika hewa. Sisi wa Rungwe tunaijua hewa yenye unyevu. Wilaya yetu ni moja ya sehemu zenye mvua nyingi sana Tanzania. Asubuhi umande hudondoka kwenye mabati hata kama mvua haikunyesha usiku. Kila ukifungua friji, hewa hiyo huingia. Unyevu wake hugusa ukuta wa baridi, ukaganda.

Barafu kidogo si kitu. Lakini barafu nene ni kama blanketi. Joto la maziwa haliwezi kupita hadi kwenye mabomba ya ubaridi. Mota inanguruma mchana kutwa, umeme wa LUKU unakwisha, na maziwa bado yanachacha.

Mambo yanayoongeza barafu ni haya:

1. Kufungua mlango mara kwa mara, au kuuacha wazi.
2. Kuweka chakula cha moto, au sufuria isiyofunikwa.
3. Mpira wa mlango kulegea au kuchanika. Upime hivi: bana karatasi kwenye mlango, kisha ivute. Ikitoka bila kukaza, hewa inapita hapo. Osha mpira kwa maji ya sabuni. Kama umechanika, ubadilishwe.
4. Kuweka namba kubwa kabisa ya ubaridi siku zote. Namba ya katikati yatosha.

Barafu ikifikia unene wa nusu sentimita, iyeyushe. Usingoje. Fanya hivi:

Chomoa plagi. Toa vitu vyote. Maziwa yapeleke kwa jirani mwenye friji, au yauze mapema. Acha mlango wazi, tandika matambara chini. Ukitaka haraka, weka ndani beseni la maji ya moto kiasi, si ya kuchemka. Usitumie kisu, bisibisi wala makaa. Barafu iache ianguke yenyewe. Kisha safisha kitundu cha kutolea maji, futa mpaka pakauke, ndipo urudishe umeme. Ngoja friji lipoe vizuri kabla ya kuweka chakula.

Kama kwa bahati mbaya bomba limetoboka, usiwashe moto wala kiberiti. Fungua madirisha, toka nje. Gesi ya mafriji mengi ya siku hizi huwaka.

Je, lini tumwite fundi? Mwite kama umeyeyusha barafu yote, mota inafanya kazi, lakini ubaridi haurudi. Pengine gesi imepungua. Mwite pia kama friji lako ni la feni, lile linaloyeyusha barafu lenyewe, na barafu inajaa tena nyuma ya ukuta wa ndani. Hapo kuna kifaa kimeharibika. Usikifungue mwenyewe.

Ndugu zangu, kisomo si cheti cha kutundika ukutani. Chukua karatasi, andika tarehe uliyoyeyusha barafu, ibandike kwenye mlango wa friji. Kila wiki ipime barafu kwa rula, uandike tena. Akina mama wale wangefanya hivyo, leo wangekuwa wanauza maziwa.

Maswali ya kujadili:
1. Kwa nini barafu nene huzuia ubaridi?
2. Utapimaje mpira wa mlango?
3. Katika kikundi chenu, nani atatunza ile karatasi ya tarehe?