Mtoto wa Mombasa Aliyekimbia Sekunde Tisa na Nusu

(Mazungumzo na vijana baada ya Tarawehe)



Wazee wangu, mama zetu mlioko upande wa pili wa pazia, na nyinyi vijana wenzangu mliokaa huku nyuma karibu na mlango. Nimeambiwa nisirefushe kwa sababu kuna watu wa Likoni hapa na feri yawangoja. Basi naanza na swali.

Medali ya dhahabu ya kwanza ya Kenya katika Michezo ya Jumuiya ya Madola ilitoka wapi? Najua mtasema Eldoret, mtasema Nandi, mtasema Kisii. La. Ilitoka mji huu huu wa Mombasa. Na haikuwa ya mbio ndefu. Ilikuwa ya mbio fupi kabisa, zile ambazo ukipiga chafya zimekwisha.

Aliyeileta aliitwa Seraphino Antao. Alizaliwa hapa Mombasa mwaka 1937, wazazi wake Wagoa. Hakuwa Muislamu, na sikuja kumfanya Muislamu. Lakini alikuwa mtoto wa mji, amekunywa maji haya haya ya chumvi chumvi na ametokwa jasho la joto hili hili. Mwaka 1958 alikwenda Cardiff kukimbia katika michezo hiyo ya Madola, akarudi mikono mitupu. Mwaka 1960 akaenda Olimpiki ya Rome, hakupata medali. Hapa nataka vijana mnisikilize vizuri. Hebu hesabuni: miaka minne, safari mbili kubwa, hakuna kitu. Wangapi katika sisi wangeendelea? Sisi timu ikifungwa mechi mbili za ligi ya mtaa, jezi zishauzwa.

Yeye aliendelea na mazoezi chini ya kocha wake, Ray Batchelor. Mwaka 1962 alikwenda Uingereza akashinda ubingwa wao wa yadi 100 na wa yadi 220. Kisha, mwezi wa Novemba mwaka huo, ikawa Michezo ya Madola mjini Perth, Australia. Huko kulikuwa na joto lililopita nyuzi 38, watu wakianguka kwa jua. Sidhani kama mtoto wa Mombasa alibabaika sana.

Fainali ya yadi 100, ambazo ni kama mita 91, alikuwamo Harry Jerome wa Canada, mmoja wa watu wenye mbio kuliko wote duniani wakati ule. Jerome msuli wa paja ulimkatika njiani. Antao alimaliza wa kwanza kwa sekunde 9.5, nyuma yake Tom Robinson wa Bahamas. Wako watakaosema alibahatika. Haya, na yadi 220 je? Hizo pia alishinda. Dhahabu mbili, na Kenya ilikuwa bado koloni, uhuru haujaja. Miaka miwili baadaye, Olimpiki ya Tokyo ya 1964, Kenya iliingia uwanjani ikiwa nchi huru, na aliyebeba bendera yetu mbele ya dunia alikuwa yeye.

Baadaye alihamia London, akafia huko Septemba 2011. Na sisi tukamsahau.

Baada ya Perth, unajua Kenya ilikaa muda gani bila kushinda tena mbio hizo fupi za wanaume kwenye Michezo ya Madola? Miaka sitini! Mpaka Agosti 2022, Birmingham, Ferdinand Omanyala aliposhinda mita 100 kwa sekunde 10.02. Na Omanyala naye hakuanzia riadha, alikuwa mcheza raga. Mwaka 2017 alifungiwa miezi 14 kwa ajili ya dawa iliyokatazwa. Akarudi, na Septemba 2021 pale Kasarani akakimbia 9.77, rekodi ya Afrika.

Mimi kinachoniuma ni maneno ya nyumbani. Kijana wa Kisauni akianza kukimbia asubuhi, aambiwa, "Mbio ni za watu wa bara, wewe wamkimbia nani?" Hizo za bara ni mbio ndefu, zinasaidiwa na milima na hewa nyepesi. Mbio fupi hazitaki mlima. Zinataka mguu wenye nguvu, kuchomoka haraka mwanzoni, na kutolegea mwishoni, kwa maana hata bingwa akifika mita 60 au 70 huanza kupungua mwendo, na mshindi ni yule anayepungua kidogo kuliko wenzake. Hayo yafundishika Changamwe kama yanavyofundishika Nairobi. Nyanda yatosha, mradi ni sawa.

Na nyinyi mnaoteleza na viatu vya magurudumu jioni kule Mama Ngina, msidhani nimewasahau. Wazazi wengi wauona huo ni uhuni. Kuna dada mmoja Mmarekani mweusi, Erin Jackson, wa Florida, kwenye joto kama letu. Alianza na magurudumu kama nyinyi. Alipohamia kwenye barafu, baada ya miezi minne tu alifuzu Olimpiki ya 2018, akawa wa 24. Mwaka 2022, kwenye mchujo wa kwao, aliteleza akawa wa tatu, na nafasi zilikuwa mbili. Mwenzake Brittany Bowe, aliyeshinda mchujo, akamwachia nafasi yake. Jackson akaenda Beijing akashinda mita 500 kwa sekunde 37.04, mwanamke mweusi wa kwanza kupata dhahabu ya peke yake katika Olimpiki ya Baridi. Bowe naye nafasi ilipatikana baadaye, akaenda. Mimi huyo Bowe ndiye hunishangaza zaidi. Kumwachia mwenzio kitu ulichokishinda kwa jasho lako si mchezo.

Sasa, sisemi mkimbie mchana wa saumu. Baada ya Idi, Jumamosi ya kwanza, tutapima mita 100 kwa kamba pale uwanjani, tupige chokaa, na saa ya simu yatosha kuanzia. Tutaandika muda wa kila mmoja kwenye daftari, na baada ya mwezi tupime tena. Mwenye magurudumu aje nayo, lakini na kofia ngumu, na habari ya kushika nyuma ya matatu iishe leo. Wasichana watakuwa na saa yao peke yao, baada ya Alasiri, na wako mama wawili waliokubali kuwasimamia. Mzazi ambaye hataki, naomba aje tuzungumze naye kabla hajamkataza mtoto.

Haya, maswali. Watu wa Likoni waanze, wasikose feri.