UZITO WA KURA MOJA
(Maneno yaliyosemwa mbele ya watu wa Kikopey)



Mara nyingi twasikia mtu akisema, "Kura yangu moja itaongeza nini?" Mtu huyo huyo, anunuapo nyama hapa Kikopey, hakubali kupunjwa hata kipande kidogo, huitazama mizani mpaka itulie. Lakini kura yake huiacha ipotee bure. Leo nataka kuwaeleza habari za kura moja iliyotikisa nchi nzima.

Tarehe 17 Januari 1961 watu wa Unguja na Pemba walichagua wajumbe 22 wa Baraza la Kutunga Sheria. Huko Chake Chake, katika Pemba, mtu wa Chama cha Afro-Shirazi alishinda kwa kura moja tu. Kwa kiti hicho chama chake kilitimiza viti 10. Hizbu ilipata 9, na chama cha ZPPP 3. Kisha wale watatu wakagawanyika: wawili wakaungana na Hizbu, mmoja akaenda kwa Afro-Shirazi. Ikawa 11 kwa 11, wala hapana upande ulioweza kuunda serikali.

Basi kiti kimoja kikaongezwa ili sare isitokee tena, na tarehe 1 Juni mwaka ule ule watu wakapiga kura upya. Lakini mioyo ilikuwa imekwisha kuchafuka. Watu walishutumiana kwa udanganyifu vituoni, fujo zikazuka, na watu 68 wakauawa.

Sasa tutazame nchi ya mbali iliyopatwa na jambo kama hilo. New Hampshire ni jimbo dogo la Marekani, lenye misitu na miji midogo. Mwezi wa Novemba 1974 Bwana Louis Wyman na Bwana John Durkin waligombea kiti cha Seneti. Hesabu ya kwanza ilimpa Wyman ushindi wa kura 355. Zilipohesabiwa tena, Durkin alikuwa mbele kwa kura 10. Mara ya tatu, Wyman akawa mbele kwa kura 2! Seneti yenyewe ilibishana kwa miezi mingi isipate jibu, ikatangaza kwamba kiti ki wazi. Tarehe 16 Septemba 1975 wenye kura wakaulizwa tena, nao wakajitokeza kwa wingi kuliko mara ya kwanza. Durkin alishinda kwa kura zaidi ya 27,000, na mambo yakaisha.

Ndugu zangu, huko na huko uchaguzi ulirudiwa. Kwa hiyo kurudia peke yake si dawa. Dawa ni hesabu inayoaminiwa, na jirani asiyefanywa adui.

Nasi hatuna haja ya kusafiri mbali ili kujifunza haya. Baada ya uchaguzi wa Desemba 2007, watu zaidi ya 1,100 walikufa katika Kenya, na miongoni mwao wako waliouawa Nakuru na Naivasha. Barabara hii ipitayo mbele yetu ndiyo inayounganisha miji hiyo miwili.

Tangu mwaka 2013 Kaunti ya Nakuru huchagua seneta wake, mtu mmoja kwa kaunti nzima. Siku ya uchaguzi ifikapo, nendeni mapema. Hesabu ikiisha, fomu ya matokeo hubandikwa mlangoni pa kituo. Isomeni kwa macho yenu wenyewe, msingojee uvumi. Asiyeridhika na kiti cha seneta amepewa na Katiba siku 28 za kwenda mahakamani. Na apeleke huko karatasi zake, wala asimpelekee jirani panga. Seneta hukaa miaka mitano, lakini jirani yako utakaa naye maisha.